Seti ya Kwanza ya Gofu: Dukani au Mtandaoni?

Kwa miaka mingi wenyeji wa Pwani waliutazama mchezo wa gofu kutoka nje ya ua. Vijana wetu waliingia viwanjani kwa kuwabebea watu mifuko na kutafuta mipira iliyopotelea vichakani, kisha jioni wakarudi majumbani na ujira wa siku. Leo hali imeanza kugeuka. Baadhi ya vijana hao wamejifunza mchezo hata wakawashinda waliokuwa wakiwabebea. Na tangu mwaka 2019, mashindano ya wanawake ya Magical Kenya Ladies Open yalipofanyika Vipingo, kaunti ya Kilifi, mabinti zetu nao wameanza kuuliza: Je, nasi hatuwezi?

Wanaweza. Maha Haddioui, binti wa Morocco, alikuwa wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Kiarabu kupata nafasi katika Ladies European Tour, naye akaiwakilisha nchi yake katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Viwanja navyo viko karibu nasi. Upo ule wa mashimo 9 juu ya jabali la bahari kisiwani Mombasa, upo wa Nyali, wa Diani na wa Vipingo. Lakini kabla mtoto hajapiga mpira wa kwanza, mzazi hukabiliwa na swali zito la mfuko: fimbo zake tuzinunue dukani, au tuziagize mtandaoni?

Swali hili limetufikia kutoka kwa akina mama zaidi ya mara moja, nasi tumeona tulijibu kwa kituo, maana fedha inayozungumzwa si ndogo. Seti mpya ya kampuni yenye jina kubwa yaweza kumeza karo ya muhula mzima. Jambo kama hilo halistahili kuamuliwa kwa kubonyeza simu usiku wa manane.

Kwanza tuijue bidhaa

Kanuni za gofu zinamruhusu mchezaji kuingia uwanjani na fimbo zisizozidi 14. Wengi wakisikia idadi hiyo hudhani kuwa bila fimbo 14 hakuna mchezo. Sivyo. Kumi na nne ni ukomo, si sharti. Anayeanza anatosheka na sita au saba: moja ya kupigia masafa marefu, moja ya haibridi ambayo ni nyepesi kuinulia mpira, za chuma mbili au tatu kama namba 7 na namba 9, moja ya weji ya kutolea mpira mchangani, na ya mwisho ya kuusukuma mpira shimoni.

Kila fimbo ina sehemu tatu: kichwa, mpini na mshikio. Kichwa ndicho kinachougusa mpira, na uso wake umelala kwa pembe maalumu. Uso wa draiva hulala kwa nyuzi chache, aghalabu kati ya 9 na 12, ili mpira uende mbali. Uso wa weji ya mchangani hufika nyuzi 54 au 56, ili mpira upande juu na kutua taratibu. Anayeanza asikimbilie draiva ya nyuzi 9 kwa kuwa ameiona mkononi mwa bingwa. Mwenye nguvu ndogo huhitaji uso uliolala zaidi ili umsaidie kuuinua mpira.

Mpini huwa wa chuma au wa grafaiti. Wa chuma ni mzito, na mara nyingi hupita gramu 100. Wa grafaiti waweza kuwa gramu 60 hivi. Tena mipini hutofautiana kwa ugumu, na ugumu huo huandikwa kwa herufi: L kwa wanawake, A kwa wazee, R kwa wastani, S kwa mgumu na X kwa mgumu kupindukia. Binti wa miaka 14 akipewa fimbo yenye S, mpira wake utaruka chini na kupotelea upande, hata akijitahidi vipi.

Fimbo hupimwa kama kanzu

Hakuna mtu mwenye akili anayemwagizia mumewe kanzu kwa kutazama kanzu ya jirani. Fundi hushika utepe wake akapima bega, mkono na urefu. Fimbo ya gofu nayo ina vipimo vyake, na hapa ndipo penye kiini cha suala letu.

Mpimaji humsimamisha mchezaji wima akiwa na viatu, mikono imening'inia, kisha hupima urefu wake wote na umbali wa kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi sakafuni. Vipimo hivyo viwili vinamwonyesha urefu wa fimbo inayofaa. Kisha hutazama jinsi kichwa kinavyolala chini mchezaji anapopiga. Fimbo ikiwa ndefu kuliko mwenyewe, ncha ya kichwa huinuka na mpira huvutwa kushoto kwa anayepiga kwa mkono wa kulia. Ikiwa fupi mno, kisigino ndicho huinuka na mpira hukimbilia kulia. Mshikio nao ukiwa mnene kuliko kiganja, mikono hukaza na bega huchoka mapema.

Fimbo za wanawake kwa kawaida hupungua inchi moja hivi kuliko za wanaume, mipini yake ni myepesi na mishikio yake ni myembamba. Hata hivyo, neno "za wanawake" lisimfumbe mtu macho. Wako akina mama warefu ambao fimbo hizo zitawainamisha mgongo, na wako vijana wa kiume wembamba ambao zingewafaa zaidi.

Kwa watoto, yapo makampuni yanayotengeneza fimbo kwa kufuata kimo cha mtoto, ngazi baada ya ngazi. Tunawaonya akina baba wenye desturi ya kuchukua fimbo kuukuu ya mtu mzima na kuikata kwa msumeno. Mpini uliokatwa huzidi kuwa mgumu, na kichwa hubaki na uzito wake ule ule. Mtoto huvuta mzigo usio wake, na kifundo cha mkono ndicho hulipa.

Dukani kuna nini?

Faida ya kwanza ya duka ni mkono. Mtoto huishika fimbo, akaizungusha, akaipima kwa hisia zake. Madukani mengine, na kwa walimu wa gofu viwanjani, kuna wavu wa kupigia mipira kadhaa kabla ya kulipa. Mizani ya fimbo haionekani kwa picha hata picha iwe safi vipi. Faida ya pili ni uso wa muuzaji. Ikitokea kasoro, unajua mlango wa kubisha. Faida ya tatu ni kwamba bei iliyoandikwa ndiyo bei. Ushuru umekwisha kulipwa, na hakuna barua ya forodha itakayofuata.

Kasoro za duka nazo tuziseme. Maduka ya bidhaa hizi ni machache Pwani, na aghalabu mtu hulazimika kwenda Nairobi. Akiba ya dukani ni ndogo, hasa kwa wapigao kwa mkono wa kushoto na kwa wanawake wafupi. Bei yaweza kuwa juu, kwa sababu mwenye duka ana kodi ya pango na mishahara ya kulipa. Na yupo muuzaji anayeona mama amekuja na mtoto akamshawishi anunue seti ya fimbo 14, mfuko wa ngozi, glavu tatu na viatu, ilhali mtoto hajui bado kuushika mpini. Mama anayeingia dukani na orodha yake mkononi hashawishiki kwa urahisi.

Na mtandaoni je?

Mtandao umemfungulia mnunuzi dunia. Mama aketie Lamu au Kwale huweza kulinganisha bei za wauzaji kumi kabla chai haijapoa. Mwenye mkono wa kushoto hupata yake. Hakuna anayemharakisha wala kumtazama kwa dharau. Na kwa yule anayejua vipimo vya mwanawe barabara, hata aina ya mpini na herufi ya ugumu, kuagiza mtandaoni kwaweza kuwa njia nzuri na nafuu.

Lakini aangalie mambo matatu. La kwanza ni hesabu kamili. Bidhaa ikitoka ng'ambo, bei ya kwenye tovuti ni mwanzo tu. Ongeza nauli ya kusafirisha na bima. Juu yake kuna ushuru wa forodha, kodi ya VAT ya asilimia 16 ambayo hukokotolewa baada ya ushuru huo kuingizwa, pamoja na ada nyingine za uagizaji. Tumewaona watu waliofurahia bei rahisi, kisha wakakuta jumla imelingana na ya dukani au kuipita.

La pili ni kurudisha. Mfuko wa fimbo ni mrefu na mzito, na gharama ya kuurudisha ng'ambo yaweza kula faida yote. Muulize muuzaji mapema: zikirudi, nani analipa nauli? Siku ngapi nimeruhusiwa? Fedha yangu inarudi nzima, au napewa nyingine badala yake? Sheria ya Kenya ya kumlinda mtumiaji ya mwaka 2012 inamtaka anayeuza kwa njia ya intaneti amweleze mnunuzi habari za lazima kabla ya mkataba, ampe nafasi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa, na ampe nakala ya maandishi. Asipofanya hivyo, mnunuzi ana haki ya kuvunja mkataba ndani ya muda uliowekwa. Ila haki hiyo ina nguvu kwa muuzaji anayejulikana alipo. Kwa namba ya simu isiyo na duka wala anwani, utamshitaki nani?

La tatu ni bandia. Fimbo za makampuni makubwa zimeigwa mno hata mwaka 2004 baadhi ya makampuni hayo ya Marekani, yaliyo mahasimu kibiashara, yakaunda umoja wa kupambana na waigaji. Bandia hufanana na halisi kama pacha, lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Zitazame herufi: je, rangi imejaa mstari au imemwagika? Tazama namba ya usajili shingoni mwa fimbo. Muulize mtengenezaji kama anaitambua. Tikisa kichwa cha draiva. Kikigongagonga ndani, kuna kitu kimeachia. Kilichoandikwa kuwa ni titani kijaribu kwa sumaku, maana sumaku haishiki titani. Na bei ikiwa ni robo ya bei inayojulikana kote, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hasara isiyohesabika kwa shilingi

Mama mmoja wa mtaani kwetu, mjane anayeuza viazi vya karai na mabajia, alidunduliza fedha miezi mingi kwa ajili ya bintiye. Akaona tangazo kwenye simu, seti nzima kwa bei ya kushangaza. Akatuma fedha. Seti ikaja ikiwa imefungwa vizuri, inang'aa. Binti akaanza mazoezi kwa furaha. Wiki ya pili kifundo cha mkono kikavimba. Wiki ya tatu kichwa cha fimbo kikachomoka na kuruka mbele ya mpira. Mama akampigia muuzaji, simu ikawa haipatikani tena.

Tulipomwendea kumpa pole, hakuzungumzia fedha.

"Sheikh," alisema, "fedha hutafutwa. Kilichoniuma ni kwamba mtoto alikuwa akirudi kila jioni akiniambia, 'Mama, mimi sina kipaji. Wenzangu wanaweza, mimi siwezi.' Nami nikamwitikia. Nikamwambia basi, mwanangu, uache."

Mwalimu wa uwanjani ndiye aliyeligundua jambo. Aliitazama fimbo, akaisoma ile herufi ya S kwenye mpini, akaisimamisha kando ya binti na kuona imempita kwa inchi mbili. Akamwazima namba 7 ya grafaiti iliyo ya kimo chake. Mpira wa nne ukaruka ukanyooka. Binti akageuka akamuuliza, "Mwalimu, ni mimi niliyepiga?"

Hapa ndipo penye uzito wa mjadala wetu wote. Mtu mzima akipewa chombo kibovu hukilaumu chombo. Mtoto hujilaumu nafsi yake. Fimbo isiyomfaa humfundisha somo la uongo juu ya uwezo wake, na somo hilo laweza kumfuata hata kwenye hesabu na maisha. Kwa hiyo tusihesabu tofauti ya bei peke yake tunapolinganisha duka na mtandao.

Za mkono wa pili

Kuna njia ya tatu ambayo wengi huisahau. Kichwa cha fimbo ya chuma hudumu miaka mingi, na wachezaji wenye uwezo hubadilisha seti zao mara kwa mara. Viwanjani, kwa walimu na kwa wabeba fimbo wazoefu, hupatikana seti zilizotumika kwa bei ya unyonge. Kwa anayeanza, hizi mara nyingi ni bora kuliko mpya za jina lisilojulikana.

Ila zikaguliwe. Sisi wa Pwani tunaijua kazi ya chumvi ya bahari: pitisha kidole palipoungana kichwa na mpini, utafute kutu. Mpini wa grafaiti hauli kutu lakini hupasuka, basi uuzungushe mwangani utafute ufa. Mifereji ya usoni ikiwa imesagika, mpira hautashika. Mshikio uliokauka si kasoro kubwa, maana hubadilishwa kwa gharama ndogo; lakini uutumie kuteremshia bei.

Adabu ya mnunuzi na muuzaji

Katika mlango wa biashara, wanazuoni wetu wameeleza khiyari ya kasoro: mnunuzi akigundua aibu iliyofichika ana haki ya kurudisha, na muuzaji anayeijua aibu ya bidhaa yake analazimika kuitaja. Wanaouza fimbo zao kuukuu mitandaoni wasiufiche ufa kwa kupiga picha upande wa pili. Na mnunuzi naye asizitumie Jumamosi na Jumapili, kisha Jumatatu akazirudisha kwa madai kwamba hazijaguswa.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulichukulia kuwa ujanja. Mtu huingia dukani, akamfanyisha kazi muuzaji saa nzima, akapimwa na kujaribu fimbo kumi, kisha akatoka na kuziagiza zile zile mtandaoni. Muda wa mwenye duka ni rasilimali yake. Ukitaka vipimo tu, sema tangu mwanzo na ulipe ada ya kupimwa. Wapimaji na walimu wengi huitoza, nayo ni halali yao. Ukishalipa, vipimo ni vyako, nunua utakapo.

Ushauri wetu

Kwa familia inayoanza, tunaona utaratibu ufuatao ni salama. Mwezi wa kwanza na wa pili, msinunue kitu. Mtoto aazime fimbo moja, namba 7, ajifunze kwa mwalimu. Akiendelea kupenda, apimwe, na vipimo viandikwe: kimo, umbali wa kifundo hadi sakafuni, aina ya mpini, ugumu wake, unene wa mshikio. Kisha seti ya kwanza inunuliwe mahali ambapo mtoto mwenyewe ataishika kabla fedha haijatoka, liwe duka au mwenye seti ya mkono wa pili. Mwenye kuicheza ndiye apimwe. Baba asijipime kwa niaba ya binti.

Mtandao tuuachie zamu yake. Mipira, glavu na vijiti vya kuwekea mpira huagizwa bila hofu kubwa. Fimbo ya kuongezea nayo yaweza kuagizwa baadaye, mtoto akiisha kujua kinachomfaa. Na anayelazimika kununua seti nzima kwa njia hiyo, kwa kuwa yuko mbali au anatumia mkono wa kushoto, achague muuzaji mwenye anwani na masharti ya kurudisha yaliyoandikwa. Mzigo ukifika, aufungue mbele ya mletaji, apige picha, akague kila fimbo siku hiyo hiyo wala asingoje wiki.

Risiti itunzwe, na mazungumzo yote ya simu yahifadhiwe, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Na mume na mke wakubaliane juu ya kiasi cha fedha kabla ya kumtangazia mtoto. Akishaahidiwa fimbo, hatalala mpaka zifike, na hapo ndipo wazazi wengi hununua kwa pupa kile ambacho wangekikataa kwa utulivu.